Bakuli Nyuma ya Magunia

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa haijifichi. Unaweza kukaa mjini miaka mingi ukazoea maziwa ya pakiti yasiyonuka chochote, halafu siku moja mtu afungue kibuyu karibu nawe, na ile harufu ya mkaa, samli na ngozi ikuingie puani kabla hujajiandaa. Mimi ilinikuta juzi kijijini kwetu Gendabi, kwenye msiba wa baba yangu. Ilikuwa asubuhi, vijana bado hawajaanza kuchimba kaburi. Mama mmoja wa kifugaji alikuja na watu wa kwao kutupa pole, akaweka kibuyu chini mbele yangu, akakifungua. Nilikuwa sijalia tangu nipigiwe simu. Nililia hapo, na waombolezaji wakaridhika kwamba hatimaye binti wa marehemu ameonyesha kuwa ana moyo. Ukweli ni kwamba wakati ule nilikuwa namlilia nyoka.

Mama alikufa nikiwa darasa la pili. Aliondoka nyumbani kwa miguu yake, akapanda gari la kukodi kwenda hospitali, na neno la mwisho aliloniambia ni kwamba nifunike unga panya wasiuchafue. Alirudi kwenye sanduku. Hakuna aliyeniambia amekufa na nini. Nilipouliza niliambiwa Mungu amempenda zaidi, jibu lililonifanya nimwogope Mungu kwa muda mrefu. Wakati wa kuzika, sisi watoto tulifungiwa jikoni kwa jirani tukapewa mahindi ya kupukuchua. Nilipotolewa, kulikuwa na tuta la udongo mwekundu pembeni mwa shamba letu, na watu walikuwa wanakula.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Tumati, huko Mbulu ambako ndiko asili yetu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini bibi alikuwa na kanisa lake la zamani zaidi. Alisema nyumba iliyofiwa na mama mwenye nyumba ina kitu kibaya kilichobaki ndani, na lazima ikae peke yake mpaka msimu upite. Tusiingie kwa watu, tusile na watu, mbuzi wetu wasichungwe pamoja na wa wengine. Mchungaji alikuwa akihubiri dhidi ya mambo hayo, na waumini walimwitikia amina vizuri kabisa, kisha wakarudi makwao na kuwaambia watoto wao wasicheze na mimi. Shuleni nilikula kiazi changu peke yangu nyuma ya darasa. Sikuelewa kwamba ni mwiko. Nilidhani kifo cha mama kimeniachia harufu ambayo wenzangu wanaisikia na mimi siisikii, hivyo nilikuwa najinusa mikono kila nilipopata nafasi.

Bibi alikaa mpaka alipoona sheria yake imeshika, akarudi Tumati kuvuna maharage. Tukabaki mimi na baba. Baba hakuwa mkali. Alikuwa mtu ambaye maneno yake yote yalipitia kwa mama, na mama alipokwenda, yakakosa njia. Asubuhi shikamoo na marahaba, jioni ugali huku tukitazama moto. Kusuka nywele hakukujua, kwa hiyo alininyoa kwa mkasi wa kondoo, na kusema kweli nilifanana na kondoo mwenyewe.

Aliyekuja kwetu ni Bibi Uda. Watu wake walikuwa wafugaji, boma lao lilikuwa ng'ambo ya korongo, na jina lake kamili lilikuwa refu kuliko ulimi wangu. Alivaa sketi ya ngozi yenye nyuzi ndefu zilizochakarika alipotembea, na bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Watu wa kanisani walimwita mpagani, yeye akawaita watu wa majembe, na wakaendelea kuuziana mahindi na maziwa kama kawaida. Siku ya kwanza aliingia uani na kibuyu chake bila hata kubisha hodi. Baba akamweleza kwa heshima kwamba nyumba yetu ina mwiko.

"Mwiko wenu si wangu," alimjibu. "Huyu mtoto anakunywa nini?"

Ng'ombe wetu alikuwa amekauka, kwa hiyo baba akaniletea kikombe. Tangu siku hiyo Bibi Uda akawa anakatiza shamba letu kila mara na kibuyu. Maziwa yake yalikuwa mazito, yana chembe nyeusi za mkaa na ladha ya moshi, na mimi niliyapenda mno. Baba aliyapokea kwa adabu tu. Alishika kikombe, akashukuru, na Bibi Uda akigeuza mgongo alikisogeza upande wangu. Alisema moshi ule unamkwama kooni. Ila kuyamwaga asingethubutu. Kwetu maziwa hayamwagwi, na baba angemwaga sadaka ya Jumapili kabla ya kumwaga maziwa.

Nyoka alitokea stoo. Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba, na ilikuwa ya mama. Humo ndimo alimochambulia maharage, humo ndimo alimoweka mbegu, na hakumruhusu mtu mwingine kupanga magunia. Niliingia na Bibi Uda kumpimia debe la mahindi. Nilipoinua gunia tupu, alikuwepo chini yake, wa rangi ya chai ya maziwa, anang'aa, mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, amejikunja bila wasiwasi. Nilifungua mdomo nipige kelele, na mkono wa Bibi Uda ukaufunika. Aliutoa taratibu alipoona nimetulia.

"Huyu hauawi," aliniambia. "Kwetu akiingia ndani namna hii ni mtu wa nyumba, amekuja kuwatazama. Unampa maziwa, unamwacha."

Nikamuuliza ni mtu gani.

"Mimi si wa nyumba hii. Wa nyumba ndiye anayejua."

Nilijua papo hapo. Leo naelewa kwamba Bibi Uda alikuwa anazungumzia wazee wa kwao, mababu wenye ng'ombe wengi na makaburi yanayoheshimiwa, wala hakuwa na nia ya kunirudishia mama kutoka chini ya gunia. Lakini mimi nilifungiwa jikoni wakati mama anazikwa. Kilichoingia kwenye lile tuta sikukiona, na kama sikukiona, nani aliniambia ni lazima kikae humo? Huyu alikuwa mpole. Hakuwa na kelele. Alikuwa amekuja kukaa kwenye stoo ya mama, na tangu aje, panya hawakugusa unga tena.

Nilichukua bakuli la mama, lile jeupe la bati lenye maua ya buluu na mfuniko wake, alilopewa kwenye harusi na ambalo halikutoka kabatini ila akija mchungaji. Kila jioni nilibakiza maziwa yangu, nikayamimina humo na kuliweka nyuma ya magunia. Kila asubuhi nilienda kutazama kabla ya shule, na bakuli lilikuwa tupu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile ya kuona bakuli tupu. Shuleni waninyime mchezo wao, waninuse wanavyotaka, mimi nina mtu nyumbani ambaye anakula chakula changu.

Akanizoea. Mwanzoni alijificha nikiingia, baadaye akabaki, na mwishowe nikawa namchukua mkononi. Alipanda ndani ya mkono wa sweta langu akatulia pale kwenye joto. Nilimsimulia yote. Nilimwambia kuhusu jedwali la saba ambalo halikubali kuingia kichwani, kuhusu nywele zangu, kuhusu baba kwamba amekuwa kama nguzo ya uani. Nilimwita Mama, lakini kwa sauti ya chini, maana nilijua jambo hilo halina mtu mwingine wa kuambiwa.

Baba alitukuta siku alipofuata mbegu. Alikuwa na jembe mkononi. Nilikuwa nimekaa chini, nyoka amezunguka mkono wangu, bakuli liko pembeni.

"Baba, usimpige," nilimwambia. "Ni..."

Alimtazama nyoka, akalitazama bakuli kwa muda mrefu zaidi. Nilisubiri habari za bustani ya Edeni, maana alikuwa mzee wa kanisa na nyoka kwa wazee wa kanisa ana kesi ya zamani. Alisema tu, "Asiingie chumbani." Akachukua mbegu, akatoka. Sikujua kama nimepewa ruhusa au nimeonywa. Uso wake haukunisaidia.

Kisha ukaja ule wakati wa baridi, ukungu wa mlima unaposhuka mpaka mlangoni na hata ng'ombe hawataki kutoka. Msimu wa mwiko ulikuwa unaisha. Msichana mmoja darasani alikuwa ameanza kuniazima kifutio. Asubuhi hiyo niliingia stoo kama kawaida, nikakuta bakuli tupu kama kawaida, nikafurahi kama kawaida. Nikaita. Hakuja. Nikaita tena, nikasogeza gunia moja, halafu la pili. Alikuwa katikati ya gunia na ukuta, amenyooka kama kamba iliyoanguka. Hakuwa akilala hivyo hata siku moja. Nilimgusa, akawa wa baridi kwa namna nyingine, ngumu, isiyohama mkononi. Hakuwa na jeraha, damu wala alama ya kitu chochote.

Nilikaa pale nikiwa naye mapajani, na akili yangu ya darasa la pili ikaanza kupiga hesabu. Bakuli lilikuwa tupu, kwa hiyo alikunywa. Alikunywa, kisha akafa. Kwa hiyo kilichomuua kilikuwa kwenye maziwa. Juu ya rafu, juu ya kichwa changu kabisa, ilikuwepo chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo nilikatazwa hata kuinusa. Nyumba ilikuwa na watu wawili. Mmoja wao alikuwa mimi.

Bibi Uda alipokuja nilimpeleka stoo bila kumsalimia, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi. Alimgeuza nyoka, akamkagua kinywa, akalinusa bakuli. Nilimuuliza kwa nini. Nilihitaji mtu mmoja, katika vifo hivi viwili, aniambie kwa nini.

"Sijui," alisema. "Kwetu huja, hukaa, huondoka. Sijaona aliyefia ndani."

Niliona kwamba hata yeye ameogopa, na hilo likaniumiza kuliko jibu lenyewe. Alikaa nami kizingitini mpaka jua lilipoufukuza ukungu. Kabla ya kuondoka aliniambia maziwa yalikuwa mazuri na hakuna mkono uliomgusa. Sikumwamini. Nilidhani anamficha baba, kama watu wazima wanavyofichana.

Baba aliporudi kutoka shambani alisimama mlangoni mwa stoo, akaniambia niende nikakae jikoni. Niliambiwa tena nikakae jikoni. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango nikamwona akitoka na nyoka juu ya sepetu, na bakuli la mama kwapani. Nikakimbia nje nikamuuliza anampeleka wapi.

"Korongoni."

"Na bakuli?"

"Limechafuka," alisema, akaenda zake.

Korongoni ndiko walikotupwa ndama waliokufa, na jioni fisi walikuwa wanakuja. Nililala nikiwasikiliza. Mama alikuwa amekufa mara ya pili, na mara ya pili walimwondoa nikiwa jikoni, na safari hii hapakuwa na tuta wala chakula wala mtu wa kunipa pole. Kwa jambo kama hilo ungelia kwa nani? Maiti ilikuwa ya nyoka.

Sikumuuliza baba, na baba hakunieleza. Mimi ni mtu wa kununa, wanaonijua wanajua, na kununa kwangu hakuna haraka. Nilimsalimia kila asubuhi, nilimpikia, nilimfulia. Nikaenda sekondari ya bweni na sikukumbuka nyumbani isipokuwa mlima. Nikapata kazi mjini, nikaolewa, baba akanikabidhi kanisani. Simu zilipofika kijijini tulipigiana Jumapili. Mvua imenyesha? Imenyesha. Mahindi? Yapo. Tulikuwa na adabu nyingi sana, mimi na yeye, na hatukuwa na kitu kingine. Hakuoa tena. Nilikuwa nikifikiri juu ya ile chupa kwenye rafu hata wakati wa kumtumia vocha.

Mara moja tu niliwahi kusimulia habari ya nyoka, kwa binti yangu, tena kama kichekesho cha kumsindikizia usingizi. Aliingia kwenye simu papo hapo, kama wanavyofanya wote sasa, akanisomea kwamba nyoka hanywi maziwa. Labda maji, akiwa na kiu sana. Nikamwambia huyo aliyeandika hakufika Gendabi. "Basi ni paka alikuwa anakunywa," alisema. Hatukuwa na paka, lakini nilikuwa na vyombo vya kuosha, nikaliacha hapo.

Turudi msibani. Baba alikuwa ameacha maagizo kwamba azikwe ubavuni mwa mama, upande wa kulia, karibu, nafasi ya mtu kugeuka kitandani, sio zaidi. Vijana walianza kuchimba jua lilipopanda. Mimi nilikuwa bado nimekaa na kile kibuyu mbele yangu, nimevimba macho, mmoja wao alipokuja na udongo mpaka magotini, akaniomba nifike mara moja.

Sepetu ilikuwa imegonga bati. Walikuwa wameliweka juu ya udongo na kusimama mbali nalo. Ukingo ulikuwa umeliwa na kutu, mfuniko umeshika, lakini maua yalikuwepo, ya buluu ileile. Nilijua kabla sijapiga magoti. Niliuzungusha mfuniko ukaachia. Ndani kulikuwa na mifupa myembamba kama ya dagaa, mingi, imezunguka kwa mpangilio kufuata duara la bakuli. Mtu aliyemweka humo alimkunja kwanza, kwa subira, vile alivyokuwa akilala.

Waombolezaji walianza kunong'ona. Neno uchawi likatajwa nyuma yangu, kisha likatajwa tena kwa sauti zaidi, na mzee mmoja wa kanisa akauliza marehemu alikuwa na mambo gani ubavuni mwa kaburi la mkewe. Baba alikuwa amelala kwenye sanduku hatua chache kutoka pale, mtu aliyesomea watu Injili maisha yake yote, na jina lake lilikuwa linaanza kuchafuka kabla hajazikwa.

"Ni wa nyumba hii," niliwaambia. "Ni nyoka wangu wa utotoni. Baba alinizikia."

Yule mama wa kifugaji alikuwa amesogea na wenzake. Alilitazama bakuli, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyesikia jambo la kawaida kabisa. Mzee wa kanisa akakohoa. Niliwaomba vijana walirudishe walikolikuta, katikati ya mama na baba, na wakalirudisha.

Nilibaki nimekaa ukingoni wakati wanaendelea kuchimba. Baba hakumtupa nyoka korongoni. Alinidanganya, kwa sababu mzee wa kanisa hawezi kumwambia mtoto wake, wala bibi wa Tumati, wala mchungaji, kwamba amemzika nyoka kando ya mkewe kwenye bakuli la harusi yao. Labda na yeye, kwa siku chache, hakuwa na hakika ni nani aliyekuwa amekuja kututazama. Mtu aliyetia sumu hamziki hivyo.

Lakini kama hapakuwa na sumu, basi nilibaki na lile bakuli tupu, ushahidi wangu wa pekee. Nyoka hanywi maziwa. Paka hatukuwa naye. Baba ndiye aliyekuwa anaamka kwanza, akiingia stoo kuchukua ndoo ya maji giza likiwa bado halijaisha. Kila alfajiri aliyakuta maziwa yangu palepale nilipoyaacha, na akajua mtoto anakaribia kuamka kuja kuyatazama. Hata ile asubuhi ya mwisho alifanya hivyohivyo, hakuona kilichokuwa nyuma ya gunia. Nini kilimuua nyoka sijui, na sitajua. Ninachojua ni kwamba baba asingeweza kumwaga maziwa. Na moshi wa kibuyu ulimkwama kooni maisha yake yote, lakini kila alfajiri alichuchumaa nyuma ya magunia akayanywa, mpaka chembe za mkaa.